Bibi Harusi Wetu wa Singida, na Mtoto Aliyeambiwa Ana Lawalawa



Wengi wenu mnatuandikia kuuliza habari za singo, hina, nguo za nikaha na namna ya kuishi na wakwe. Leo mtuvumilie kidogo. Tunataka kuwasimulia jambo ambalo, katika mafunzo yote tuliyompa bibi harusi wetu, hatukumpa. Tumekaa nalo muda, tumelizungumza baina yetu, na mwenyewe ametupa ruhusa tuliandike bila ya kutaja jina lake.

Bibi harusi huyo ni mdogo wetu. Amezaliwa Unguja na amekulia Unguja. Alipoolewa tulimtoa kama watoto wa hapa wanavyotolewa. Somo yake alikaa naye chumbani siku saba. Akamsinga, akamtia hina, akamfukiza udi, akamfundisha kusema na mume akiwa na furaha na kunyamaza naye akiwa na hasira. Tukampa kisutu chake, chetezo chake na sanduku la khanga. Mume ni Mnyaturu, kijana wa Singida, Muislamu mwenye adabu zake, ambaye tulimjua alipokuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Tuliuliza habari zake, tukaridhika. Hatukuwa na wasiwasi wowote ila umbali.

Baada ya mwaka mmoja na kitu alijifungua mtoto wa kike. Tukafunga safari watatu: mama mdogo, dada mkubwa, na mmoja wetu ambaye kazi yake ilikuwa kubeba mizigo na kushika simu. Boti mpaka Dar, kisha basi: Morogoro, Dodoma, Manyoni, mpaka Singida. Njia nzima mama mdogo alikuwa akisoma nyuradi na kuuliza kama tumefika.

Singida ni nchi nyingine kwa macho ya mtu wa visiwani. Upepo hauishi. Majabali makubwa yamekaa juu ya ardhi kana kwamba mtu ameyapanga. Kuna mashamba ya alizeti, na kuna ziwa kubwa karibu kabisa na mji, Singidani, ambalo ukiliona unafurahi, kisha unaambiwa maji yake ni ya chumvi. Mvua ni ya msimu mmoja, na ikiondoka imeondoka. Hilo la maji tulikuja kulielewa baadaye.

Mavyaa wake alitupokea kwa mikono miwili. Tulichinjiwa kuku, tukapikiwa ugali wa mtama na mlenda, na usiku alitupa kitanda chake yeye akalala chini. Tunayasema haya mapema kwa sababu yanayofuata yasije yakamfanya mmuone mtu mbaya. Hakuwa mtu mbaya.

Mtoto alikuwa na siku ishirini na nne. Mzuri mashaAllah, lakini alikuwa akilia sana kila akikojoa. Mdogo wetu alituonyesha: mapajani na huku mbele kulikuwa kumevimba na kuwa kwekundu, na palikuwa na harufu. Tulidhani ni joto la nepi. Tulitaka kumpaka mafuta ya nazi tuliyokuja nayo. Jirani mmoja, bibi mzee aliyekuja kutoa pole na hongera, alimtazama mtoto, akamtazama mavyaa, akasema neno moja: "Lawalawa."

Pakawa kimya. Sisi tukadhani ni jina la ugonjwa wa huko, kama tetekuwanga.

Usiku mdogo wetu alikuja kutuamsha. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema polepole kuwa Ijumaa kuna bibi atakuja kumsafisha mtoto. Mama mdogo akauliza, kumsafisha vipi, mbona tunamwosha kila siku? Mdogo wetu akaanza kulia. Ndipo tukaelewa. "Kusafisha" hapo hakukuwa na maji ndani yake. Kulikuwa na wembe.

Kisha akatuuliza swali ambalo mpaka leo linatuuma: "Dada, wanasema ni katika dini. Ni katika dini?" Mtoto wetu, aliyehitimu madrasa, aliyekaa na somo siku saba, alikuwa hajui ajibu nini. Na sisi hatukuwahi kumwambia, kwa sababu kwetu jambo hilo halipo midomoni. Tulidhani ni habari za watu wengine.

Kosa letu

Asubuhi dada mkubwa hakungoja hata chai. Alimsimamia mavyaa uani akamwambia kwa ukali kuwa huo ni ushenzi, na kwamba tutakwenda polisi. Mavyaa hakujibu. Alichukua ufagio akafagia ua mzima, kisha akaufagia tena. Mpaka jioni hakusema nasi neno. Tulikuwa tumemtukana mwenye nyumba ndani ya nyumba yake, mbele ya majirani, baada ya kulala kitandani pake.

Na tulikuwa tumeharibu zaidi ya hapo. Jambo lililokuwa likisemwa kwa kunong'ona sasa halikusemwa kabisa. Hatukujua tena kama ni Ijumaa au ni kesho. Usiku ule tulimlaza mtoto katikati yetu na tukashika zamu. Mama mdogo akawa wa kwanza, kisha dada mkubwa. Mlango ukigonga kwa upepo, sote tunaamka. Fikirini dada zetu: wageni watatu wanamlinda mtoto dhidi ya bibi yake mwenyewe, ambaye yuko chumba cha pili naye halali, kwa sababu anaamini mjukuu wake atakufa asipotibiwa.

Kijana alivyosema

Mume wa mdogo wetu alirudi siku ya pili kutoka kazini. Tulimweleza. Hakupiga kelele. Aliwaita mama yake na mjomba wake, akakaa chini mkekani mbele yao kama inavyompasa mtoto, akasema maneno machache. Alisema: Mama, mimi siwezi kubishana na wewe habari za mizimu wala za dawa. Lakini sheria ya nchi imekataza. Mtoto akikatwa, anayekwenda jela ni mimi baba yake, na ni wewe. Nikifungwa, nani atawalisha?

Mjomba alinyamaza kitambo. Kisha akasema, basi kama serikali imekataza, sisi tutafanyaje.

Tuliona jambo hapo ambalo hatukulitarajia. Sisi tuliitumia sheria kama fimbo, ikavunja. Yeye aliitumia kama mlango. Aliwapa wazee njia ya kutoka bila ya kushindwa na mtoto wao, wala kushindwa na wageni wa pwani. Hawakukubali kuwa wamekosea. Walikubali tu kuwa serikali ni kubwa, na hilo halimwondolei mzee heshima yake.

Tuliporudi Unguja ndipo tukaitafuta hiyo sheria tukaisoma. Ni Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyopitishwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano. Ndani yake kiliingizwa kifungu kipya katika Kanuni ya Adhabu, cha 169A. Kinasema mtu mwenye dhamana ya mtoto aliye chini ya miaka 18, akimkeketa au akisababisha akeketwe, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Wanawake wengi waliipigania sheria ile, wakiwemo waandishi wa habari wa TAMWA na wabunge wanawake wa wakati ule. Hawakumjua mtoto wetu. Hata mama yake alikuwa hajazaliwa.

Dada zetu, sisi wanawake tukisikia "mbunge" tunafikiria gari, king'ora na kampeni. Lakini ipo siku mtu amenyoosha mkono Dodoma kuunga mkono kifungu, na miaka mingi baadaye kijana amekaa mkekani Singida akakitumia kumwokoa mwanawe. Hiyo nayo ni afya ya mtoto, kama chanjo ilivyo.

Sheria peke yake haitoshi

Lakini mtoto alikuwa bado analia. Sheria ilimzuia bibi mwenye wembe, haikumwondolea mtoto maumivu. Tukampeleka kliniki ya mama na mtoto. Nesi, mwanamke mtu mzima wa hapo hapo, alimtazama akasema ni maambukizi ya kawaida, yanayotokana na unyevu na usafi. Akatoa dawa, akatuonyesha namna ya kumwosha kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma, na kumkausha vizuri. Hatukulipa kitu, kwani watoto wa chini ya miaka mitano wamesamehewa malipo katika vituo vya serikali. Kisha akamgeukia mavyaa, akamwambia kwa Kinyaturu maneno marefu ambayo hatukuyafahamu. Mavyaa akawa anatikisa kichwa taratibu.

Mtoto alipona kwa siku chache. Alhamdulillah.

Jioni moja, mavyaa alitusimulia yeye mwenyewe. Alipokuwa msichana, alisema, lawalawa haikuwepo. Wasichana walikuwa wakikatwa wakubwa, kwa ngoma na sherehe. Kisha serikali ikaanza kukataza. Ndipo watoto wachanga wakaanza kuwashwa na kutoa harufu, na wazee wakasema ni hasira ya waliotangulia kwa kuwa mila imeachwa, na dawa yake ni kukata. Basi ikawa mtoto hakatwi tena na miaka kumi na tano, anakatwa mchanga, kimya kimya, na hakuna ngoma.

Tulidhani ni simulizi yake tu. Baadaye tukakuta kuwa watafiti walioandika juu ya Wanyaturu mwaka 2012 walisikia hayo hayo: lawalawa ilianza kutajwa miaka ya 1970, baada ya mila hiyo kuanza kupigwa vita. Kwa hiyo katazo lililokuja bila ya maelezo, na bila ya maji, lilizaa ugonjwa wenye jina jipya, na ugonjwa ukazaa sababu mpya ya kukata.

Tumesema maji, na hapa ndipo penyewe. Mavyaa alitueleza alivyokuwa akilea watoto wake. Wakati wa kiangazi alitoka alfajiri na ndoo kichwani, akarudi jua limepanda. Ndoo hiyo ni ya kupikia, ya kunywa, ya mifugo midogo. Mtoto anafutwa kwa kitambaa. Sasa mtoto wa kike anayefutwa tu kwa kitambaa miezi yote ya joto na vumbi, atakosaje kuwashwa? Hiyo lawalawa ilikuwa ni kiu ya nchi imeingia mwilini mwa mtoto.

Leo hapo kwao, pembezoni mwa mji, kuna maji karibu. Bibi hakumbuki mwaka yalipofika, anakumbuka tu kuwa ni enzi za Mo. Watu wa Singida Mjini wakisema Mo wanamkusudia Mohammed Dewji, mfanyabiashara aliyezaliwa Singida mwaka 1975, akawa mbunge wao tangu 2005 hadi 2015. Alijulikana kwa kutoa mali yake katika visima, shule na matibabu, na mwaka 2014 akaanzisha taasisi ya hisani inayobeba jina lake. Hatumpigii debe mtu, na si kila jimbo lina mbunge tajiri, wala haipasi maji ya watu yategemee mfuko wa mtu mmoja. Ndiyo maana kuna bajeti, na ndiyo maana kuna maswali bungeni. Tunachosema ni kuwa mbunge anayepigania kisima na mbunge anayepigania kifungu cha sheria wanafanya kazi moja. Wa pili anasema usikate. Wa kwanza anaondoa sababu ya kukata.

Hali ilivyo

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 1996 ulionyesha kuwa wanawake 18 katika kila 100 Tanzania wamekeketwa. Wa 2015-16 ukaonyesha 10, na wa 2022 ukaonyesha 8. Inapungua. Lakini katika ule wa 2015-16 Singida ilikuwa na 31 katika kila 100, ikifuata Manyara, Dodoma, Arusha na Mara. Zanzibar jambo hili ni nadra sana, na ndipo tulipojisahau. Mabinti zetu hawaolewi Zanzibar tu. Wanaolewa Dodoma, Arusha, Garissa, Muscat, London. Na wao ndio watakaozaa.

Tukasoma pia habari za jirani zetu wa Kenya. Bunge lao mwaka 2011 lilipitisha sheria inayokataza ukeketaji kwa mwanamke wa umri wowote, sio mtoto tu, na inakataza hata kumtukana au kumdharau mwanamke kwa kuwa hakukeketwa. Kati ya walioipigania ni Sophia Abdi Noor, Muislamu, Msomali wa Garissa, mbunge wa kuteuliwa wakati huo, ambaye mwenyewe alikeketwa utotoni. Mwaka 2017 wananchi wa Ijara walimchagua, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwakilisha jimbo katika eneo la Kaskazini Mashariki. Mwanamke mwenye hijabu yake alisimama bungeni akasema hili si letu. Sheria yetu bara bado inamlinda aliye chini ya miaka 18 tu. Wabunge wetu wanawake wana kazi hapo.

Na dini je?

Turudi kwenye swali la mdogo wetu. Hatutaki kujifanya mashekhe, kwa hiyo tulimwuliza mwalimu wetu wa darsa. Alituambia kweli kuwa wako wanavyuoni wa zamani, hata katika madhehebu yetu ya Shafi, waliolizungumza jambo hili, na haifai kuficha. Lakini hadithi inayotajwa sana, Abu Dawud aliyeipokea ndiye mwenyewe aliyesema kuwa ni dhaifu. Na mwaka 2007, baada ya msichana mdogo kufa Misri akikeketwa, baraza la utafiti la Al-Azhar lilitangaza kuwa ukeketaji hauna msingi katika sheria ya Kiislamu na kwamba una madhara, na Mufti wa Misri wa wakati huo, Shekhe Ali Gomaa, akasema umeharamishwa. Mwalimu akamalizia kwa kutukumbusha kuwa mwili wa mtoto ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuipunguza.

Yanayojulikana kuhusu madhara ni mengi: damu kutoka mpaka kumaliza, pepopunda, maambukizi, maumivu ya haja ndogo, na shida ya kuzaa baadaye. Na sisi tunaowafundisha mabinti mambo ya unyumba tunajua kuna madhara mengine yasiyosemwa mbele ya watu.

Kwa bibi harusi wetu wanaokuja

Tangu siku ile, somo wetu ameongeza mambo katika mafunzo yake. Tunayaweka hapa, na wewe mwenye binti anayeolewa yachukue.

Kabla ya nikaha, muulize mchumba wako waziwazi: kwenu watoto wa kike wanafanyiwa nini? Usione haya. Ukiweza kuuliza mahari, unaweza kuuliza hili. Na mume ajibu yeye, kwa sababu siku ikifika ni yeye atakayesema na wazee wake.

Shika kadi ya kliniki kama unavyoshika cheti cha ndoa. Mtoto akiwashwa, akivimba, akilia anapokojoa, ni nesi kwanza. Lawalawa ina dawa, na dawa yake haikati.

Mavyaa wako usimwite mshenzi. Mpeleke kliniki pamoja nawe. Yeye ndiye aliyemlea mumeo kwa ndoo moja ya maji.

Na ukiona hatari haina subira, usikae kimya kwa kuogopa aibu. Namba ya simu kwa watoto ni 116, haina malipo, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Mwisho, anapokuja mgombea kuomba kura kwenye khanga na tisheti, muulize mambo mawili tu: maji, na watoto wa kike. Kisha msikilize anajibu nini.

Tulikaa mpaka arubaini. Siku hiyo ulisomwa uradi, mtoto akanyolewa nywele zilizobaki, na mavyaa akamwosha yeye mwenyewe, kwa maji mengi, akiimba kwa lugha yao. Dada mkubwa alikwenda akachutama karibu yake, akamwomba radhi. Mavyaa hakusema kitu. Alimkabidhi mtoto amfute. Tulipoondoka alitufungia alizeti na asali, na mwaka wa pili, mdogo wetu alipopata mimba nyingine, ni yeye aliyempigia simu mama mdogo kutwambia kuwa safari hii atampeleka kliniki mwenyewe.

Allah awahifadhi watoto wetu, awape wema wanaotunga sheria na wanaochimba visima, na atusamehe sisi tulionyamaza. Amin.

Wasalaam, dada zenu.